Kichwa Mawio, Miguu Machweo

Mama yangu alichagua mahali pa kuzikwa angali na nguvu za kutwanga. Siku ya kusafisha makaburi, kabla ya Pasaka, alinivuta leso mpaka kwenye kaburi la baba, nyuma ya kanisa letu la udongo pale Kionga. Akatandika mkeka pembeni yake, akalala chali mchana kweupe, watu wanamwona. Miguu aliielekeza baharini, jua linakotokea. Akafumba macho, kisha akaniuliza, "Umeona?"

Nikamwambia nimeona, mama, inuka, watu wanacheka.

"Waache wacheke. Wewe angalia miguu. Parapanda ikilia nataka nisimame mara moja nimwone usoni. Sitaki kuanza kugeukageuka kumtafuta kama mtu aliyeshushwa kituo sicho."

Nimesoma darasa la nne tu, kwa Kireno ambacho nusu nimeshakisahau, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Majina ya watu siandiki. Lakini kazi zao nitazisema, na watu wa kwetu wakisoma watawajua.

Asili yetu ni Diaca, bara kwa Wamakonde. Baba alishuka pwani kutafuta kazi kwenye minazi, akabaki, akatuleta. Pwani ile ni ya Waislamu tangu enzi za mababu zao, sisi Wakristo tulikuwa nyumba chache, na kanisa letu lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu akikohoa mlangoni aliyekuwa mbele anamwambia pole. Kwetu maiti inalazwa kichwa machweo, miguu mawio, maana Bwana atatokea mawio. Na alfajiri ya Pasaka tulikuwa tunakwenda wote makaburini, majina ya marehemu yanasomwa, kila jina likisomwa watu wanajibu, "Amelala." Si amekufa. Amelala. Jua likichomoza tunaimba. Mama aliipenda asubuhi hiyo kuliko Krismasi. Alikuwa akiniambia kwamba mwaka mmoja, hata asipojua upi, watajibu wenyewe waliolala.

Sasa pastori wetu. Hakuwa wa kwetu, alitoka kusini. Serikali ilimleta Palma kwenye ofisi ya kilimo, na Jumapili alikuja Kionga na pikipiki ya kazi kutuhubiria. Mwanzoni alihubiri kama wengine, habari za msamaha na zaka. Vita vilipoanza kusikika huko Mocímboa, akabadilika. Kila Jumapili ikawa siku za mwisho. Vita na habari za vita, si mnazisikia? Upepo ulioangusha minazi, si mliuona? Mataifa yanakuja kutoboa bahari watoe gesi, mnafikiri ni bure? Bwana yuko mlangoni. Akatuambia tusipande muhogo, maana muhogo unakaa ardhini karibu mwaka mzima na mwaka huo hatutaumaliza. Mtu wa kilimo huyo. Mshahara anaupokea kwa kutwambia tupande, na Jumapili anatwambia tusipande, na wapo waliomsikiliza ambao njaa iliwapata kabla ya bunduki.

Jambo kubwa kwake lilikuwa kutokimbia. Alisema atakayekimbia ndiye mwanamwali mpumbavu, atarudi akute mlango umefungwa. Bwana anataka kutukuta mahali alipotuacha, tunakesha.

Mama yangu hakusoma, lakini Injili alikuwa ameisikia miaka mingi. Akanyoosha mkono katikati ya mahubiri.

"Baba pastori, samahani. Mbona Yesu mwenyewe alisema siku hiyo watu wakimbilie milimani?"

Pastori akatabasamu. "Bibi, hapa Kionga kuna mlima?"

Kanisa zima likacheka. Kwetu ni mchanga na minazi, kichuguu ndicho kilima chetu. Mama naye alicheka, akaketi. Nimekikumbuka kicheko kile mara nyingi. Watu waliokicheka wengi hawapo, na swali la mama hakulijibu mpaka leo.

Wale vijana wa porini waliokuwa wanaleta vita hivyo tuliwajua. Wengine wanasema walitoka mbali, na wapo waliotoka mbali, sikatai. Lakini wapo niliowauzia mihogo ya kuchemsha wakiwa na kaptula za shule. Sitaki kusikia habari ya kwamba walidanganywa. Sisi sote tulidanganywa, na hatukuchinja mtu.

Walipoingia Palma, moshi tuliuona kutoka Kionga. Wakubwa wa serikali waliondoka mwanzo, na watu wa kampuni za gesi wakatafutiwa ndege na meli. Sisi hatukutafutiwa hata baiskeli. Pastori alipita Kionga asubuhi ndani ya gari la ofisi, akasimama kwenye barabara ya kanisa bila kuzima injini. Akasema anakwenda kwenye mkutano wa dharura, tuendelee kusali, atarudi kwa ibada. Juu ya gari kulikuwa na godoro na friji, vimefungwa kamba.

Jirani yangu alikuwa amesimama nami. Huyu ni mtu wa pwani, Mwislamu, mkamua mafuta ya nazi. Sisi wa Diaca na wao wa pwani ni watani, na utani wa kwetu si mchezo tu: ukifiwa, mtani ndiye anayeshika jembe, na ndiye pekee anayeruhusiwa kuchekesha watu kwenye msiba. Alilitazama gari mpaka likapotea.

"Mtani," akaniambia, "mkutano gani huo watu wanalala na wanakunywa maji baridi?"

Nikaingia ndani kumwambia mama tuondoke. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amevaa nguo yake nyeupe ya Pasaka. Nikamwambia pastori kakimbia, mama. Nimemwona kwa macho yangu.

"Si yeye ninayemngoja," akasema.

Nilimvuta, akakaza. Mama yangu alikuwa mdogo wa mwili lakini akikaza ni kama mzizi wa mkorosho. Aliniambia nitangulie, yeye akae pale kaburi la baba lilipo karibu. Ndipo tuliposikia risasi upande wa bandarini. Mtani akaingia bila hodi, akambeba mgongoni kama gunia la nazi, na mama anampiga kichwani kwa ngumi, anamwambia niweke chini wewe mla kasa, na yeye anamjibu, "Nipige, bibi, nipige, ukichoka uniambie." Akamkalisha kwenye kibebeo cha baiskeli. Mkewe alikuwa mbele amebeba sufuria. Tukafuata njia ya porini kwenda Nhica, tukitaka kuufikia mto Ruvuma tuvuke.

Mto mama hakuuona. Maji yalituishia, homa ikampanda, akawa anaongea na baba. Siku ya mwisho alasiri aliomba tumlaze chini ya mikorosho, mahali penye kichuguu kikubwa. Akauliza bahari iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama huko, na hakusema tena.

Mtani hakuniuliza kitu. Ni kazi yake, alikuwa anaijua. Akachimba kwa panga na sahani ya bati, mchanga wa pale ni mlaini juu, chini unabana. Mkewe akataka kumwosha mama, maji hakuna, akamfuta kwa mchanga safi, uso na mikono, wanavyofanya wao pakikosekana maji. Akamvulia mtandio wake mwenyewe kumfunika kichwa. Na mtani, jasho na machozi vinamtoka pamoja, akaanza kuigiza sauti ya mama: "Niweke chini, mla kasa. Niweke chini. Haya sasa nakuweka, bibi, umeridhika?" Mimi nikacheka. Niliyefiwa mimi, nikacheka mpaka nikaanguka magoti. Ndivyo mtani anavyofanya, anakutoa kicheko ili kilio kipate njia.

Wakamlaza kwenye mwanandani, ubavu wa kulia, uso kibla. Kwetu sisi kibla ni kaskazini kabisa. Ukimlaza mtu ubavu wa kulia na uso wake kaskazini, kichwa kinakwenda mawio na miguu inakwenda machweo. Mimi hayo sikuwa nimewahi kuyafikiri. Nilikaa tu. Kaburi lilipofukiwa ndipo nikaona jua la jioni linapiga upande wa miguu yake. Nikasema, "Mtani, kichwa." Akasema, "Ndivyo mtu anavyolazwa, dada." Risasi zikalia tena, karibu, mkewe akanishika mkono, tukakimbia.

Ya mbele yake sitayasimulia yote. Tulivuka, tukarudishwa, tukakaa kwenye mahema, tukaitwa dislokadu, Kireno cha waliohamishwa na vita, mpaka watoto wakadhani ni kabila. Wanangu wako Pemba, mji wa huku kwetu si kile kisiwa, hawataki kurudi. Mimi nilirudi Kionga majeshi yaliposema njia ni salama. Nilikuta nyumba haina bati, kanisa limeungua, makaburi yapo. Kaburi la baba lipo, na pembeni yake ile nafasi ya mkeka imeota majani.

Na pastori akarudi. Ofisi ilimrudisha. Kanisa likajengwa la matofali ya saruji, kwa msaada, na yeye akahubiri kana kwamba hakuwahi kubeba friji. Akahubiri kwamba waliouona ule moto na kubaki hai ni kwa sababu waliomba. Kwaresima ilipofika akatangaza kwamba alfajiri ya Pasaka tutasoma tena majina makaburini, lakini watasomwa waliolala pale uani tu. Wenye marehemu walioachwa porini wakalete mifupa, ataibariki, izikwe upya kwa utaratibu.

Nikamfuata baada ya ibada nikamweleza. Alinisikiliza huku anafunga begi lake.

"Mama, waliolazwa kwa taratibu za dini nyingine si wa kulaumiwa," akasema. "Lakini kanisa lina utaratibu. Mlete. Bwana akija kutoka mawio, amkute mzazi wako amempa mgongo?"

Neno hilo lilinikaa kifuani kama mwiba wa changu kooni. Alinisemea kitu nilichokuwa nakiogopa mwenyewe kila nilipoamka. Mama hakuomba kitu kikubwa maishani. Aliomba miguu.

Basi nikaenda kwa mtani. Nilimkuta anakuna nazi kibarazani, mkewe anakamua tui. Aliponiona akaita ndani kwake ingawa ndani hakukuwa na mtu, "Ficheni panya, mla panya amekuja."

"Nimekuja kukuangalia kama umeoga," nikamwambia. "Mnanawa kutwa nzima na bado mnanuka samaki."

"Kaa. Sema shida yako, maana mtu wa Diaca haji bure."

Nikamwambia. Aliacha kukuna. Mkewe akatazama chini kwenye chujio.

"Kumfukua bibi," akasema.

"Kumgeuza."

"Kumgeuza ni kumfukua, dada. Kwetu aliyezikwa kazikwa. Hata mfupa wake ukiuvunja ni kama umemvunja mzima."

"Kwenu. Yeye hakuwa wa kwenu."

"Siku ile alikuwa wa kwangu. Nani alimbeba?" Akajifuta machicha mikononi. Halafu sauti yake ikashuka. "Na kwani Isa si atarudi kwetu pia? Sheikh ametufundisha. Atashuka Sham, huko Siria, kwenye mnara mweupe. Sham iko upande wa kibla. Bibi uso wake uko huko huko. Atamwona kabla yako wewe."

Nilitaka neno lile liniingie. Mtu aliyesema alikuwa mtu mwema, naye alilisema kwa kunipenda. Lakini nikamwambia ukweli: "Huyo ni wako, mtani. Wa mama alikuwa anatokea baharini."

Mkewe akaweka chujio chini. "Mpeleke," akamwambia mumewe. "Jembe usishike kama hutaki. Mpeleke aone."

Tukaenda Nhica kwa pikipiki ya kukodi, mtani nyuma yangu na jembe la kwangu mapajani. Njiani vijiji vingine vimerudi, vingine ni kuta nyeusi na mipapai iliyojiotea. Askari walitusimamisha, wakatazama jembe, wakauliza tunakwenda kulima nini. Mtani akawaambia, "Tunakwenda kumwamsha mama mkwe." Wakacheka, wakatuachia. Mama hakuwa mkwe wake, ni utani tu.

Mikorosho tuliikuta, mingi imekatwa kwa mkaa. Mtani alitembea akihesabu vishina kwa macho, akasimama. Kichuguu hakipo. Watu waliokimbilia pale baadaye walikibomoa wafyatue matofali, udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa matofali, kila mtu anajua. Na pale nilipomwacha mama yangu peke yake, hakuwa peke yake tena. Kulikuwa na matuta, mstari kwa mstari, mengine marefu, mengine mafupi ya watoto, yote yamelala upande mmoja. Waliokufa nyuma yetu walikuta kaburi moja jipya, wakaona ndipo pa kuzikia, wakafuata lilivyolazwa. Hayana alama. Mvua za miaka zimeyalainisha, mengine yameungana.

"Ni lipi?" nikauliza.

Mtani alizunguka. Alichuchumaa, akapima kwa mikono kutoka kwenye kishina, akasimama, akapima tena kutoka kishina kingine. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kichuguu kilikuwa hapa," akasema. "Kama kilikuwa hapa, bibi ni huyu. Kama kilikuwa pale, ni huyu wa pili."

"Kilikuwa wapi?"

"Dada, nisikudanganye. Sijui."

Nikashika jembe. Nilisimama kati ya yale matuta mawili, na nikajua kwamba nikikosea nitakuwa nimemfukua mama wa mtu mwingine. Mtu ambaye labda naye aliomba kitu kimoja tu, na alikipata. Nilimfikiria yule mwenzangu nisiyemjua, mwanamke au mwanamume, yuko kwenye mahema ya Metuge au ng'ambo Mtwara, na yeye usiku anajiambia angalau tulimlaza sawasawa. Mkono ulininyanyuka, ukashuka. Jembe sikulipiga. Mtani alisimama mbali, amenipa kisogo, ili nikilipiga asione.

Nikakaa chini katikati. Nikawasalimu wote wawili kwa heshima ya mama, shikamoo huku, shikamoo huku. Mtani akaja akasoma dua yake. Mimi nikasoma Baba Yetu. Tukarudi.

Alfajiri ya Pasaka nilikwenda makaburini kama wengine. Sikwenda kugombana, nilikwenda kwa sababu sikujua kutokwenda. Tulisimama kwenye umande, mbingu upande wa bahari imeanza kuwa nyeupe. Pastori alisoma kutoka kwenye simu yake. Jina, na watu, "Amelala." Jina, "Amelala." Baba yangu akasomwa, nikajibu. Akafika mwisho, akazima simu, akafungua mdomo kuanzisha wimbo.

"Pastori," nikasema, "mama yangu hujamsoma."

"Mama, tulielewana. Tunasoma waliolala hapa."

"Yuko Nhica. Nimekwenda, nimeshindwa kumtambua. Msome hivyo hivyo."

"Hao tumwachie Mungu."

"Tumwachie, sawa. Na aliyemwambia abaki, tumwachie nani?"

Watu wakaanza kunivuta kanga, mama wee, mama nyamaza, ni Pasaka. Sikupaza sauti. Nilimwambia mbele yao: ulituambia tungoje, ukaondoka na godoro. Waliochoma wana hatia yao, na waliotafutiwa ndege wana yao, na yako ni hiyo. Sikuombi fidia. Nakuomba umsome.

Alitazama saa. Jua lilikuwa karibu, na ibada ile bila jua ni bure. Akasema, "Haya. Jina la bibi?"

Hakulijua. Miaka yote ile aliyokula ugali na mchicha wake, na siku ile alipolichekesha kanisa kwa swali lake, alikuwa akimwita bibi. Nikalitamka mwenyewe, jina lake la ubatizo na jina lake la Kimakonde, kwa sauti ya kusikika. Watu wakamtazama pastori, wanangoja yeye arudie ndipo wajibu. Yeye alikuwa anatafuta namna ya kulitamka lile la Kimakonde. Hakuna aliyejibu.

"Amelala," nikajibu mimi. Nikachukua leso yangu nikatoka, nyuma yangu wimbo umeanza.

Sijarudi kanisani. Wanasema nimeacha dini, wengine wanasema mtani kanisilimisha. Sijaacha kitu. Namngoja Bwana bado, nimelelewa kumngoja na sijui kuishi vingine. Lakini nimeacha kumngojea mahali pastori anapotupanga. Nikisali sasa nina ombi moja. Naomba akija asianzie uani kwetu, wale wako tayari, wamepangwa vizuri. Aanzie Nhica, kwenye mikorosho iliyokatwa, wa kwetu na wa mtani humo humo. Na apite nyuma ya jua, asimame upande wa machweo, wakiinuka wamkute.